Nondo Zinazofunguka kwa Ndani

Mwanangu Zaituni,

Salamu za baba yako zikutangulie, kwa kuwa kesho gari la vyombo likishaingia hapa uani sitapata nafasi ya kukwambia neno. Shangazi zako nawajua. Watakuja na masufuria, kila mmoja na ushauri wake wa mahali pa kuweka kabati, na mimi nitakuwa yule mzee anayeambiwa apishe njia. Halafu mimi ni mtu wa kuchomelea vyuma. Tangu ujana nimefanya kazi kwenye kelele za mashine, nimezoea kusema kwa mkono: lete, shika, acha. Maneno marefu hunishinda mdomoni. Mama yako analijua hilo, ndiyo maana amenipa peni na karatasi, akaniambia nisitoke chumbani mpaka nimeandika.

Sitakufundisha kupika wala kufunga bomba. Mambo ya benki tumeyazungumza hadi mate yakatukauka, na aliyesoma hesabu kati yetu ni wewe. Ninalotaka kukuandikia ni jambo moja. Ulipotuambia kwamba umepata nyumba, mimi nilitoa kasoro tu. Tangu siku ile nimepima madirisha yako, nimeyachomelea nondo, nimezifunga, na bado sijasema kama nimekubali uende au nimeshindwa tu kukuzuia. Umeniuliza kwa macho mara nyingi, nami nikajifanya natafuta nyundo. Kesho unahama, na sitaki uvuke mtaa ukiwa na swali hilo.

Jibu lipo, ila nikilitoa hivihivi utafikiri nimelazimishwa na mama yako. Acha nilifikie taratibu.

Unakumbuka mafuta yalipoadimika mjini, mabasi yakawa ya kusikia tu? Watu walipanga mstari hadi wakazoeana majina, basi lenyewe halionekani. Wewe ukaanza kwenda kazini kwa miguu. Ukimaliza kuswali alfajiri unachukua mfuko wako, viatu vya kazi ndani, ndala miguuni, unapotelea barabarani kuelekea Kigobe. Mama yako alikuwa anakuombea dua. Mimi siku moja nilifanya zaidi ya dua, nilikufuata. Usicheke. Nilijiambia nakwenda kuona mteja, lakini mteja hakuwepo. Nilikaa nyuma kwa umbali wa kutosha, nikakuona unavuka mji mzima kwa mwendo ule wako wa mtu anayedaiwa, hadi kwenye lango la hospitali yenu. Pale nje ukatoa kichupa cha maji, ukanawa miguu, ukafuta vumbi, ukavaa viatu vyako vyeusi. Mlinzi akafungua lango akasema, "Karibu, madamu wa laboratwari." Ukapita umenyoosha shingo kana kwamba umeshuka kwenye gari.

Nilirudi kwetu Buyenzi nikijisikia mrefu. Nilipita katikati ya watu nikitamani mmoja aniulize nilikotoka. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikukwambia, kwa sababu ningekwambia ungejua kwamba bado nakufuata barabarani ukiwa mtu mzima na mshahara wako.

Basi jioni moja ukatukalisha kwenye mkeka. Ulikuwa umeleta ndizi na mikeke ya kukaanga, wale samaki wa ziwani, nikajua kuna jambo, maana mikeke kwetu haiji bure.

"Baba, nyumba nimeipata," ulisema. "Iko Kigobe, karibu na kazi. Ni nyumba za kushikana, ukuta mumoja na jirani. Parseli, kiwanja cha peke yake, haina."

Mama yako akamshukuru Mungu kabla sijameza. Mimi nikauliza, "Sasa unanunua nyumba ao unanunua chumba?" Ukacheka, ukidhani ni utani wangu wa kawaida. Haukuwa utani. Kwangu mimi mtu ananunua kiwanja. Anapata ardhi yake, anaweka mawe, anaweka msingi, anajenga kidogo kidogo jinsi Mungu anavyomjalia, na ukuta wake haugusani na wa mtu. Nyumba iliyokwisha kujengwa na kampuni, imeshikana na nyingine huku na huku kama maandazi kwenye sahani, niliona ni kukaa kwa watu. Nikakueleza hayo yote. Ulisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha ukasema neno ambalo sijalisahau.

"We umejenga, baba. Mi nataka kuingia."

Nilinyanyuka nikaenda kunawa mikono. Ukadhani nimekasirika. Ukweli ni kwamba ulikuwa umenishika pabaya, kwa sababu ulikuwa unasema juu ya msingi wetu.

Msingi ule uliuona ukiwa mdogo, sijui unaukumbuka namna gani. Nilikuwa nimenunua kiwanja kule kaskazini, nikachora nyumba mwenyewe kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Nilikuwa kijana mwenye kazi nyingi na kiburi kingi. Nyumba za matajiri nilikuwa nazijua kwa ndani, maana nani aliyewafungia malango na madirisha? Huku Kinanira nimefunga, kule Kibenga karibu na ziwa nimefunga. Nikaona haifai fundi kama mimi kuwa na vyumba viwili. Nikachimba msingi wa vyumba vingi, na sebule ya kupokea wageni ambao hata sikuwa nao, na baraza kubwa mbele ili wapita njia waone. Jirani yangu pale, mtu wa kuuza mkaa, alijenga vyumba vyake viwili na jiko akahamia na watoto wake. Nilimhurumia. Kila nilipokwenda kuangalia mawe yangu, yeye alikuwa amekaa kibarazani kwake anakunywa chai, ananikaribisha kikombe. Nilikunywa chai ya yule bwana miaka mingi, mimi na msingi wangu.

Mwishowe mama yako, ambaye hapotezi ardhi, alipanda lengalenga kati ya kuta za msingi. Sebule yetu tuliila na ugali. Tulipouza kiwanja kile ukaingia chuo, na hilo silijutii hata chembe, lakini nyumba sikuijenga. Haba na haba hujaza kibaba, wamesema wahenga, nami niliuamini sana huo msemo. Ila kibaba chenyewe lazima uchague cha kiasi chako. Mimi nilichagua pipa.

Kwa hiyo uliposema unataka kuingia, nilijua unachosema, na nilijua una haki. Lakini moyo wa mzazi una ukaidi. Nikashika kitu kilichobaki cha kushika, nao ni ule ukuta. Nikasema sawa, nitakuja kuiona hiyo nyumba yako ya ukuta mmoja. Nilikuja nikiwa na nia ya kuitia kasoro.

Siku ile ulitangulia mbele umeshika karatasi zako, unanionyesha jiko, unanionyesha bafu, na kibustani cha nyuma ambacho mbuzi wawili wangekimaliza kabla ya mchana. Nilikuwa natikisa kichwa tu. Madirisha makubwa, mwanga mzuri, bawaba za milango sikuzipenda. Ukaniambia kutoka mlangoni hadi kazini ni mwendo wa kupiga gumzo fupi. Nikasogea kwenye ukuta wa sebuleni, ule unaoshikana na jirani, nikaupiga kwa kifundo cha kidole jinsi ninavyopiga bomba kusikia kama lina unene. Ngo, ngo, ngo. Nilitaka nikwambie, umesikia? Ni mwembamba huu.

Kabla sijafungua mdomo, ukuta ukajibu. Ngo, ngo, ngo, kutoka upande wa pili.

Wewe ulishika mdomo usicheke. Mimi niliganda mkono uko hewani. Haukupita muda mrefu akatokea mlangoni yule bwana jirani, mfanyakazi wa wizarani, shati lake limepigwa pasi, mtoto ananing'inia kwenye suruali yake.

"Karibuni, jamani," alisema. "Nimesikia mutu anapiga hodi mu ukuta, nikasema lazima nijibu."

Akatupa mkono kwa heshima zote, akaniita mzee, akauliza kama ni mimi ninayehamia. Nikasema ni mutoto wangu. Sijui kwa nini sauti ilinitoka kubwa vile. Akasema ni vizuri, mke wake atapata mtu wa kuongea naye, na tukihitaji maji au ngazi wakati wa kuhama tugonge tu tena.

Nikakwambia twende. Njiani ulidhani bado natafuta kasoro. Hapana, mwanangu. Nilikuwa sioni hata njia. Nilikuwa nafikiria ukuta mwingine, ambao wewe na mimi hatujawahi kuuzungumzia, ingawa umelala karibu nao miaka yote hii, nyuma ya kabati la mama yako.

Ulikuwa mdogo, hujaanza shule. Ilikuwa miaka ile ya hofu, kila mtu mjini anataka vyuma. Malango mazito, nondo nene, antivole za kuzuia wezi kwenye kila dirisha. Wateja walikuwa wananifuata hadi nyumbani. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa naogopa kama wao, nilivifungia vyumba vyetu hivi kuliko nilivyomfungia mteja yeyote. Nondo zilizama ndani ya ukuta, mlango wa chuma juu ya mlango wa mbao, kufuli kwa nje. Watu walikuja kuangalia. Walisema hapa kwa fundi Ramadhani hata panya ataomba ruhusa. Nililala usingizi mzuri.

Mchana mmoja ulikuwa na homa. Mama yako alikuwa ameitwa kwenye msiba mtaa wa pili, akaniomba nikae nawe. Nikakaa mpaka ukalala. Halafu kijana wa karakana akaja kusema mteja wa lango anasubiri, na mteja huyo alikuwa mkorofi. Nikaona nitoke mara moja. Nikafunga ule mlango wa chuma, nikatia kufuli ili usitoke ukazurura na homa yako, nikaweka ufunguo mfukoni. Kwenye kona kulikuwa na jiko la mkaa, maharage yanatokota. Pazia lilikuwa karibu na jiko. Mengine unaweza kuyamaliza mwenyewe.

Aliyekusikia ni mzee Yahaya, Mungu amrehemu, fundi wa viatu aliyekuwa anakaa chumba cha pili, ukuta mmoja nasi. Alikusikia unalia, akadhani homa. Kisha akasikia unakohoa, akaona moshi unapita juu ya paa. Alikimbilia mlango wetu akaukuta ni wa chuma. Akaenda dirishani akakuta nondo zangu, zile za kusifiwa. Alizitikisa, na watu wengine wakazitikisa, hazikusogea hata kidogo, kwa sababu mimi nafanya kazi nzuri. Yahaya akarudi ndani kwake, akachukua mchi wa mke wake wa kutwangia majani ya sombe, akaanza kuupiga ukuta tulioshirikiana. Ulikuwa wa matofali mabichi. Alipiga mpaka akatoboa, akapanua kwa mikono, akakuvuta kwenye tundu kama mtu anayetoa mkate kwenye tanuri.

Mimi nilifika nikiwa nimekimbia mtaa mzima. Nilikuta umekaa mapajani kwa Yahaya, uso mweusi kwa moshi, unakunywa maji. Mikono yake ilikuwa inatoka damu. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Fundi, mutoto yuko muzima. Keti kwanza." Nikaketi chini kwenye vumbi, na nilipoketi ufunguo ukanichoma pajani.

Mama yako amechungulia akauliza kama nimemaliza, nikamwambia bado.

Siku iliyofuata nilizikata nondo zote za nyumba hii kwa msumeno, na watu wakashangaa, kwa sababu hofu ilikuwa bado ipo. Ukuta tuliuziba na Yahaya kwa matofali ya kuchoma, ndiyo maana rangi yake pale ni tofauti. Lakini sikujifunza kwa haraka. Vyuma niliviondoa madirishani nikavihamishia kwako. Nilikusindikiza shuleni mpaka ukaanza kuona aibu mbele ya wenzako. Ulipopata nafasi ya shule ya bweni nilisema hapana, na sababu niliyoitoa haikuwa sababu. Ulilia, kisha ukasoma hapahapa uani, katikati ya kelele zetu, ukawapita waliokwenda. Sikukwambia pole wakati ule. Nakwambia leo, na ninakwambia pia kwamba nilikuwa nikikuona unasoma nasimama mlangoni nakuangalia, nashindwa hata kuingia kwa furaha.

Sasa rudi nami Kigobe. Nilikuja kuutia kasoro ukuta ule, kumbe nilikuwa nasema vibaya kuhusu kitu kilichonirudishia mwanangu. Ukuta wangu wa peke yangu ungekuua. Ukuta wa kushirikiana, mwembamba, wenye mzee upande wa pili anayesikia kila kitu hadi ugomvi wetu wa chumvi, ndio uliokutoa. Nilikuwa nimelijua hilo miaka yote na sikuwahi kulitazama usoni mpaka yule bwana wa wizarani alipogonga kujibu.

Wiki ile ukanifuata karakana. Nyumba za kampuni zinakuja na madirisha matupu, na mama yako alikuwa amesema mtoto wa kike hawezi kulala hivyo. Ulisubiri nizime mashine.

"Baba, antivole sitaki fundi mwingine," ulisema. Kisha ukaangalia chini. "Ila utengeneze za kufunguka. Kwa ndani."

Kumbe unakumbuka. Miaka yote nilidhani homa ilikufutia siku ile. Nilisema tu, "Nimesikia," nikawasha mashine tena ili usinione uso.

Nikwambie sasa jinsi nilivyozitengeneza, maana ulipokuja kuziona zimekwisha kufungwa ulisifu rangi tu. Kila dirisha lina bawaba upande mmoja, na komeo kwa ndani, bila kufuli, bila ufunguo. Mtu wa nje hawezi kulifikia, nimelikinga kwa bamba. Nilijaribu mwenyewe kulifungua kutoka nje na vifaa vyangu vyote, nikashindwa, nikafurahi. Kwa ndani unasukuma kwa kidole. Uliniuliza kwa nini makomeo yapo chini vile, karibu na usawa wa paja, nikasema ni mtindo wa siku hizi. Si mtindo. Nimeyaweka kwa urefu wako wa siku ile. Sikuwa na kipimo, niliweka mkono hewani pale ulipokuwa unafika, na mkono wangu ulikuwa bado unapakumbuka. Usiseme baba yako ameanza kudai wajukuu. Sijadai. Nimesema tu urefu wa komeo.

Na kwa kuwa nimetaja hayo, najua maneno yanayosemwa hapa mtaani. Binti ananunua nyumba kabla ya kupata bwana, nani atamwoa, mwanaume ataingiaje kwenye nyumba ya mwanamke. Mwanzoni yalinichoma. Mmoja alinifuata hadi karakana kuniuliza kwa huruma kabisa kama sikuona njia ya kukuzuia. Mama yako ndiye aliyemjibu, maana alikuwa ameniletea chakula.

"Atakayemutaka atapiga hodi," alisema. "Mulango uko."

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa majisifu, nakiri. Mteja akija kutaka lango, kabla hajasema vipimo nimeshamwambia binti yangu ana nyumba Kigobe. Jana alikuja mama mmoja wa Kinanira, mtu mkubwa, gari kubwa. Nikamwambia nondo hizi unazotaka si za kisasa, binti yangu kule Kigobe ana za kufunguka. Akauliza binti yako anafanya kazi gani, nikamwambia yeye ndiye anayepima damu za watu, daktari anasubiri neno lake. Nimekukuza kidogo hapo, utanisamehe. Yule mama akaagiza za kufunguka. Kijana wangu wa karakana anasema nikiendelea hivi atatundika picha yako ukutani, apumzishe masikio yake.

Zaituni, jibu ndilo hili. Nimekubali. Si kwamba nimeshindwa, wala si kwa ajili ya mama yako. Nimekubali kwa moyo wangu wote, na nimejaa fahari mpaka naona aibu. Umefanya kwa kiasi chako nilichoshindwa kwa kiburi changu. Umechagua nyumba ya kuingia, karibu na kazi yako, na majirani wanaojibu ukigonga. Ukigombana na jirani, na utagombana, maana ukuta mwembamba haupitishi dua peke yake, usiache usiku upite hujasalimia. Yahaya na mimi tuligombana kuhusu redio yake wiki moja kabla ya moto ule. Ningekuwa nimemfanya adui kwa ajili ya redio, sijui ingekuwaje.

Limebaki moja. Juzi uliniletea ufunguo wa pili wa nyumba yako, umeufunga uzi mwekundu ili nisiupoteze. Ulisema, "Wa kwako, baba, uingie siku yoyote." Niliupokea nikautia mfukoni, na tangu juzi nimetembea nao. Kila nikikaa unanichoma palepale.

Nimeuweka ndani ya bahasha hii. Mpe mke wa yule jirani aushike, au mpe rafiki yako wa kazini, yeyote anayekaa karibu kuliko mimi. Usidhani nimeukataa. Mimi nimeshabeba ufunguo wa mlango wako mara moja maishani, na unajua ulivyokusaidia.

Shangazi zako watakwambia kesho kwamba kwa desturi yetu nyumba mpya hufunguliwa na mkubwa wa familia, baba ndiye anayetia mguu wa kulia kwanza, ndipo wengine wafuate na ubani na dua. Nimezungumza nao. Wamenung'unika, lakini wamekubali. Utatangulia wewe. Utafungua mwenyewe, utaingia mwenyewe na mguu wako wa kulia, utafunga mlango nyuma yako. Sisi wote tutabaki nje na masufuria yetu.

Unajua nimeingia nyumba ngapi za mitaa ile? Zote niliingilia nyuma, mashine begani, nikionyeshwa dirisha la kupima. Hata kwako nimeingia hivyohivyo, nikiwa fundi. Kesho nitavaa kanzu yangu ya Idi na kofia aliyonifumia mama yako. Nitakuja kwenye mlango wa mbele, nitabisha hodi. Tafadhali, mwanangu, usiharakishe kufungua. Acha nibishe mara ya pili, majirani wasikie. Kisha useme karibu, kwa sauti ya mwenye nyumba.

Ni mimi baba yako,
Ramadhani, fundi wa Buyenzi